Mashine pepe imegoma baada ya kusasisha programu? Usifute kitu

Nianze na lile ninalowaambia watu kwenye simu kabla sijauliza hata aina ya kompyuta: usifute kitu. Usiiondoe mashine kwenye orodha, usifomati, usisakinishe Windows upya. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, inapokataa kufunguka baada ya programu kusasishwa, karibu mara zote data yako iko pale pale ilipokuwa jana. Kilichobadilika ni kompyuta inayoibeba: VirtualBox mpya (programu inayoendesha mashine pepe), kerneli mpya ya Linux (kiini cha mfumo huo), au Windows iliyojisasisha usiku na kuwasha kitu ambacho hukukiomba. Data hupotea baadaye, mtu anapoanza kubahatisha.

Nalisema hili kwa uchungu, maana hapa Uganda mashine pepe si za wanafunzi wa kompyuta peke yao. Nimezikuta kwenye ofisi za mawakala wa forodha Malaba na Busia na kwenye maduka ya vipuri Kampala, zikiwa zimebeba programu ya hesabu iliyoandikwa enzi za Windows XP na fundi ambaye siku hizi hapatikani. Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Programu ile haikubali Windows 11, kwa hiyo iliwekwa ndani ya mashine pepe na kazi ikaendelea. Humo ndimo mlimo na madeni ya wateja, mizigo iliyopita na mishahara. Fundi anayekuja na kusema "tupige fomati tu" anachezea riziki ya watu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni nakala. Funga VirtualBox kabisa, kisha tafuta folda iitwayo VirtualBox VMs ndani ya folda yako ya mtumiaji. Ndani yake kila mashine ina folda yake, na humo utakuta faili dogo lenye kiishio cha .vbox, ambalo ni maandishi tu yanayoeleza mashine imeundwaje. Faili kubwa la .vdi, ambalo ndilo diski. Folda ya Logs. Na pengine folda ya Snapshots. Nakili folda nzima ya mashine hiyo kwenye diski ya nje. Usichague .vdi peke yake ukadhani umemaliza. Nitaeleza kwa nini. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na mwenye ofisi atakuwa amesimama nyuma yako anauliza mbona huanzi kazi. Mwambie kazi ndiyo hiyo.

Baada ya hapo soma ujumbe wa kosa, wote, hadi mwisho. Watu hunipigia na kunisomea 0x80004005. Namba hiyo haisemi lolote zaidi ya "imeshindikana". Neno la maana huwa mstari mwingine, linaloanza na VERR_. Kama halionekani kwenye dirisha, fungua VBox.log ndani ya folda ya Logs kwa programu yoyote ya maandishi na utafute VERR_ humo. Kwenye Windows, mashine isipofika hata hatua ya kuandika VBox.log, angalia VBoxHardening.log katika folda hiyo hiyo.

Ukikuta VERR_VMX_NO_VMX au VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED, prosesa hairuhusiwi kubeba mashine pepe. Intel huuita uwezo huo VT-x, AMD huuita AMD-V. VirtualBox za zamani ziliweza kuendesha baadhi ya mashine bila uwezo huo, lakini kuanzia toleo 6.1, lililotoka Desemba 2019, ni lazima uwepo. Ndiyo maana laptopu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri na toleo la zamani inaweza kugoma mara tu ukiweka jipya. Laptopu nyingi tunazonunua hapa zimeshatumika ng'ambo, na uwezo huo unaweza kuwa umezimwa kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, kisha utafute palipoandikwa Virtualization na uwashe. Kama ulishawasha zamani na sasa umezimika tena, chunguza ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama. Ikiisha, BIOS husahau mipangilio yake kila umeme unapokatika, na hapo utailaumu VirtualBox bure.

Kwenye Windows 10 na 11 kuna mgomvi mwingine, Hyper-V, mfumo wa Microsoft yenyewe wa kuendesha mashine pepe. Sasisho la Windows, au programu kama Docker (ya kuendeshea programu ndani ya kontena) na WSL (ya kuendeshea Linux ndani ya Windows), huweza kuiwasha, na kile kinga kiitwacho Memory integrity ndani ya Windows Security hutumia msingi huo huo. Tangu toleo 6.0 VirtualBox hujaribu kuishi naye, lakini mashine huwa nzito kupita kiasi au haiwaki kabisa, na chini ya dirisha lake utaona kobe wa kijani. Ukitaka kumwondoa, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha uwashe kompyuta upya. Fahamu gharama yake: WSL 2 na Docker vitasimama, na umepunguza kinga ya Windows yenyewe. Kwenye kompyuta inayobeba mashine ya hesabu tu na haifungui barua pepe za watu, ningefanya. Kwenye kompyuta ya mhasibu anayefungua kila kiambatisho anacholetewa, ningeiacha kinga na kuihamishia mashine pepe kwenye kompyuta nyingine.

Wenzangu wa Linux, tatizo lenu mara nyingi si VirtualBox bali kerneli. VirtualBox ina moduli yake, vboxdrv, yaani dereva inayopakiwa ndani ya kerneli, ambayo lazima ijengwe upya kwa kila kerneli mpya. Isipojengwa utaambiwa dereva haijasakinishwa, pamoja na rc=-1908. Kwenye Ubuntu sakinisha vichwa vya kerneli (mafaili ya kujengea moduli) kwa sudo apt install linux-headers-$(uname -r), halafu uendeshe sudo /sbin/vboxconfig kama VirtualBox yako ilitoka kwa Oracle, au sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms kama ilitoka kwenye hazina ya Ubuntu. Ikikataa bado, tazama kama Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka, imewashwa, kwa sababu moduli isiyotiwa saini haipiti hapo. Ukiwa na haraka, washa kompyuta kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB inayotokea kompyuta inapowaka, umalize kazi ya siku, urudi kwenye tatizo jioni. Na tangu kerneli 6.12 limekuja jingine: KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, huishika prosesa mara tu inapopakiwa, na VirtualBox inalalamika VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Amri ya sudo modprobe -r kvm_intel, au kvm_amd kwa AMD, huiachilia hadi utakapowasha upya.

Sasa nije kwenye yale yanayopoteza data kweli.

La kwanza ni hali iliyohifadhiwa. Watu wengi hawaizimi mashine pepe. Hufunga dirisha na kuchagua kuhifadhi hali, ili kesho waendelee pale walipoachia. Hali hiyo huandikwa kwenye faili la .sav, na toleo jipya la VirtualBox huweza kushindwa kulisoma faili lililoandikwa na toleo la zamani. Programu inakupa nafasi ya kulitupa. Ukilitupa diski inabaki, lakini chochote kilichokuwa wazi bila kuhifadhiwa kinakwenda, sawa na kuchomoa waya wa kompyuta ya kawaida ikiwa katikati ya kazi. Kwa mashine ya kujifunzia, tupa. Kwa mashine ya hesabu iliyoachwa wazi katikati ya kuingiza risiti, usitupe kwanza. Rudisha toleo la zamani la VirtualBox, fungua mashine, hifadhi kazi, izime kutoka ndani kwa utaratibu, ndipo uweke toleo jipya. Matoleo ya zamani yako kwenye tovuti ya VirtualBox yenyewe, lakini mimi hutunza faili la kusakinisha la kila toleo ninalotumia. Ni MB 100 au zaidi, na bando hapa linabeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Januari mwaka huo huo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Siku kama hizo faili lililo kwenye flashi mfukoni ndilo pekee ulilonalo.

La pili ni snapshoti, yaani alama ya hali ya mashine unayoweza kuirudia baadaye, na hapa nitakaa kidogo.

Hajati mmoja mwenye ofisi ya kutoa mizigo Malaba alinipigia asubuhi moja. "Fundi, VirtualBox imesasishwa na vitabu vyangu vimepotea." Nikamwambia, "Hajati, usiguse, nakili kwanza folda nzima, nakuja." Alinakili. Lakini mpwa wake, kijana mwenye nia njema, aliichukua ile nakala kwenye laptopu yake, akaunda mashine mpya, akaiunganisha na lile faili kubwa la .vdi. Mashine ikawaka. Programu ya hesabu ikafunguka. Ila rekodi zilikoma miaka kadhaa nyuma, kana kwamba ofisi ilifungwa siku ile. Nilipofika Hajati alikuwa ameketi tu, hasemi.

Hakuna kilichokuwa kimepotea. Mtu fulani zamani alichukua snapshoti moja ya mashine ile na kuiacha. Snapshoti ikishachukuliwa, VirtualBox huacha kuandika kwenye .vdi ya awali. Kila badiliko linalofuata huenda kwenye faili jingine ndani ya folda ya Snapshots, lenye jina refu la herufi na namba ndani ya mabano. Diski ya awali inabaki ilivyokuwa siku ile ya snapshoti. Kwa hiyo ukiifungua peke yake unaona mambo ya siku ile, na miaka yote iliyofuata iko kwenye faili ambalo halivutii hata kulitazama. Wapo wanaolifuta ili kupata nafasi. Tena, ukiiwasha diski ya awali na kuandika juu yake, haitapatana tena na mafaili yanayoitegemea. Ilikuwa heri kijana alifanya hayo kwenye nakala.

Kwenye kompyuta ya ofisi, mashine ilikuwa kwenye orodha lakini imeandikwa kwamba haifikiki. Nikafungua folda: faili la .vbox lilikuwa tupu, baiti sifuri. Wote walikuwa wanailaumu VirtualBox mpya. Kumbe umeme ulikatika usiku ule, na kompyuta haikuwa na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Karibu yake palikuwa na faili lenye kiishio cha .vbox-prev, ambalo ni nakala ya mipangilio iliyotangulia na ambayo VirtualBox huitunza yenyewe. Nililinakili, nikaipa nakala jina la .vbox, nikaiongeza mashine kwenye orodha. Mnyororo wa snapshoti ukarudi mzima, na rekodi zikafika hadi jana yake. Hajati akaanza kunidai mahesabu ya kontena moja hapo hapo.

Kama hata .vbox-prev haipo na mashine haina snapshoti, njia ya mpwa ni sahihi: unda mashine mpya, ipe diski ya zamani. Lakini iunde ifanane. XP iliyosakinishwa kwenye kidhibiti cha diski cha aina ya IDE ukiiweka kwenye cha aina ya SATA itaonyesha skrini ya bluu yenye 0x0000007B, na utadhani diski imeharibika. Kama mashine ilitumia EFI (mrithi wa BIOS), iwashe EFI. Ukiwa na .vbox ya zamani iliyoharibika nusu, ifungue kama maandishi na uchukue anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, kwa kuwa kuna programu za hesabu ambazo leseni yake imefungwa kwenye anwani hiyo. Na ukiambiwa diski yenye UUID hiyo (namba yake ya utambulisho) tayari ipo, ni kwa sababu umeongeza nakala kwenye kompyuta ile ile yenye ya awali. Badilisha UUID ya nakala kwa VBoxManage internalcommands sethduuid, kamwe si ya diski ya awali.

Wa VMware Workstation, programu nyingine ya mashine pepe, mambo ni karibu yale yale kwa majina mengine: mipangilio iko kwenye .vmx, diski kwenye .vmdk, na kosa husomwa ndani ya vmware.log. Ukiambiwa mashine inatumika na mtu mwingine ilhali hakuna, hakikisha kwanza VMware imefungwa kweli, kisha zihamishe folda zenye kiishio cha .lck. Nasema zihamishe; ukishaona mashine imewaka ndipo uzifute.

Kwa Hajati tulimaliza kwa kuisafirisha mashine nzima kuwa faili moja la OVA, ambalo huchukua hali ya sasa bila mlolongo wa snapshoti, na kuliingiza kwenye laptopu ya mpwa wake tukaona linafunguka. Kompyuta ya ofisi ikapata UPS. Siku hizi kabla ya kusasisha chochote kijana huizima XP kutoka ndani, anatoa OVA mpya, anaiweka Extension Pack (kifurushi cha nyongeza) ya toleo lile lile na VirtualBox, ndipo anabonyeza. Kazi iliyobaki ni kuzitoa rekodi zile kwenye programu ya XP na kuziweka kwenye jedwali la kawaida, na tumeshaanza na madeni ya wateja.