Kulegeza kamba si kusalimu amri

Swali: Nahariri makala ya historia. Mwandishi kaandika kuwa mwaka 1962 Wasovieti "walisalimu amri" wakaondoa makombora yao ya nyuklia Cuba. Nimebadilisha nikaweka "walilegeza kamba". Amekasirika, anasema ni yale yale. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe, ingawa sentensi yako nayo ina pengo. Nitalirudia.

Kusalimu amri ni msemo wa vitani. Anayesalimu amri ameweka silaha chini na sasa anangoja kuambiwa la kufanya, kama Japani mwaka 1945. Anayelegeza kamba bado ameshika ncha yake, na akitaka ataikaza tena. Muuza mitumba akianzia 15,000, wewe ukampa 8,000, naye akashuka hadi 10,000, amelegeza kamba. Hajasalimu amri: shati bado liko begani kwake, na ukileta maringo atampa mwingine.

(Wapo wanaosema "kuregeza". Si kosa, ila mimi nimezoea l.)

Raha ya swali lako ni kwamba kamba yenyewe imo katika historia hiyo. Oktoba 26, 1962, Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alimwandikia Rais Kennedy wa Marekani kwamba wasivutane ncha za kamba yenye fundo la vita, maana kadiri wanavyovuta ndivyo fundo litakavyozidi kukaza, hadi hata aliyelifunga ashindwe kulifungua, na hapo itabidi likatwe. Mtu anayeandika hivyo hajanyanyua mikono. Anamwambia mwenzake: nawe legeza.

Na kesho yake akaongeza dau. Katika barua ya pili, iliyotangazwa hadharani, alidai Marekani nayo iondoe makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Hiyo ndiyo tunayoiita turufu. Jioni hiyo hiyo Robert Kennedy, ndugu wa rais, alikutana na balozi wa Kisovieti, Dobrynin, mjini Washington akamhakikishia kuwa ya Uturuki yataondoka, mradi jambo hilo libaki siri. Hadharani Marekani ilitoa ahadi ya kutoivamia Cuba. Oktoba 28 Redio Moscow ikatangaza kuwa makombora yanarudishwa nyumbani. Kufikia mwisho wa Aprili 1963 ya Uturuki nayo yalikuwa yameondolewa.

Mwandishi wako basi ameandika kile dunia ilichokiona: upande mmoja ukifyata mkia. Simlaumu sana, maana siri ilifichwa makusudi ili ionekane hivyo. Lakini aliyepata alichokidai, hata kwa mlango wa nyuma, hawezi kuitwa aliyesalimu amri.

Sasa pengo lako. "Walilegeza kamba" inamtaja mmoja tu, kana kwamba ncha ya pili ilifungwa mtini. Kiswahili kina kiambishi cha kutaja pande zote mbili, -ana, na kikitanguliwa na cha kutendea (-e-) tunapata kulegezeana: mimi nakulegezea, nawe unanilegezea. Ningeiandika hivi: "Mwaka 1962 Wasovieti na Wamarekani walilegezeana kamba, hao hadharani, hawa kwa siri." Hapo "hao" na "hawa" zinaweza kumchanganya msomaji, kama nafasi ipo, taja majina.