Mwalimu, Nani Analia Msituni Usiku?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nyumbani kwetu ni Isongole, shamba letu la viazi limepakana na msitu wa Rungwe. Tangu Aprili kuna kitu kinalia kila usiku. Kinaanza polepole, halafu kinapiga ukelele kama mtoto anayekabwa. Bibi anasema ni ishara ya msiba. Nimejaribu kurekodi kwa simu, inasikika mvua tu. Nitajuaje ni nini? *Msomaji wa Isongole*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, huyo ni perere, pimbi anayeishi mitini. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura, mchana kutwa amejificha kwenye shimo la mti mkubwa, usiku ndipo anatangaza eneo lake. Msalimie sana bibi, umwambie anayelia naye ana nyumba yake huko juu.

Msikilize vizuri leo. Dume huanza na mikwaruzo, krr, kimya, krr, kimya, kama bawaba iliyokosa mafuta. Kila mkwaruzo unazidi uliotangulia, mpaka anapasua ukelele. Mwaka jana nilikaa na vijana wangu wanne ukingoni mwa msitu, kila mmoja na karatasi na penseli. Perere wa kwanza alikwaruza mara kumi na saba kabla ya kupiga ukelele. Hajamaliza, mwingine akamjibu ng'ambo ya bonde, na wa tatu akaingia kutoka nyuma yetu. Tukachora mishale mitatu. Hatukumwona hata mmoja, lakini tulikuwa na uhakika kwamba pale kuna perere wasiopungua watatu.

Kufuatilia wanyama kwa sauti ni kazi ya namna hiyo: mahali palepale, saa ileile, msimu hadi msimu. Mwakani nikisikia mmoja tu nitauliza kuna nini, maana perere huwindwa na mbwa, na miti yenye mashimo ndiyo inayokatwa kwanza. Kunyamaza kwao kunanitisha kuliko huo ukelele unaomtisha bibi.

Wewe unaishi kwenye msitu wenye historia kubwa ya jambo hili. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima aitwaye kipunji miaka yote, na kwa wasomi ikabaki hadithi ya wazee. Mwaka 2003 watafiti wakamthibitisha hapo Rungwe na kwenye milima ya Livingstone, mwaka uliofuata akaonekana msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, na 2005 akatangazwa duniani kuwa kima mpya. Sauti yake ilikuwa sehemu ya ushahidi. Jamaa zake aliofananishwa nao wana mlio maarufu unaopaa na kuishia kwa kububujika. Kipunji hana huo, yeye hutoa mlio mzito, nusu honi nusu kubweka. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wapo 1,117 tu. Naomba wazee wetu wasikilizwe mapema zaidi, kwa sababu masikio yao yalikuwa sahihi kabla ya vitabu.

Sasa rekodi yako. Usirekodi chini ya bati, kwa mvua ya huku hutapata kitu. Subiri ikatike, toka hatua thelathini kutoka nyumbani, weka simu juu ya gunia lililokunjwa na uondoe mkono, kwa sababu vidole vyako vinasikika kuliko perere. Acha dakika kumi zipite. Mwisho taja kwa mdomo tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Rekodi isiyo na maneno hayo ni kelele tu, hata iwe safi namna gani. Ukinitumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ujumbe wa kawaida wa sauti hubanwa, na vipande vyembamba hupotea.

Ikifika nitaifungua kwenye kompyuta, inayochora sauti kuwa picha: muda unakwenda kulia, sauti nyembamba zinakaa juu, nzito chini. Vyura huonekana kama mkanda mnene, mikwaruzo ya perere kama vijiti vilivyosimama. Zipo pia programu za simu kama BirdNET zinazotaja ndege kwa sauti. Mimi huzitumia, ila siandiki jina daftarini kabla sijasikiliza mwenyewe mara mbili.

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Niko Idodi, jirani na Ruaha. Tembo wakija shambani wanakuja kimya, lakini hugeuka wote kwa pamoja kana kwamba wameambiana. Ni kweli wanaongea tusisikie? *Mkulima wa Idodi*

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu. Mwaka 1984 Katy Payne, akiwa karibu na tembo wa bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi hewa inatetema bila kusikia kitu. Rekodi zilipoharakishwa, ngurumo zikasikika. Sikio letu linaanzia kama hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, na sehemu ya mazungumzo ya tembo iko chini ya hapo. Sauti nzito hivyo haimezwi haraka na vichaka, ndiyo maana inafika kilomita kadhaa.

Najua unachotaka hasa ni kuokoa mahindi. Nchini Kenya, Lucy King na wenzake walichapisha mwaka 2007 majaribio ya kuwapigia tembo sauti ya nyuki kwenye spika, na familia nyingi zikaondoka mbio. Lakini siamini spika peke yake, kwani tembo ana akili na sauti isiyouma ataizoea. Fungeni uzio wa mizinga yenye nyuki hai, iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya, ili tembo akisukuma waya mizinga itikisike. Anzeni na upande wanaoingilia, na muitundike mapema kabla mahindi hayajabeba, nyuki wapate muda wa kuhamia.