Okidi mbili nyeupe za msituni: nitazitofautishaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi kusini mwa Uingereza. Mwezi Juni, katika msitu ulio juu ya ardhi ya chokaa, niliona okidi za porini zenye maua meupe yanayonukia sana usiku. Rafiki yangu mmoja alisema ni Platanthera bifolia, mwingine akashikilia kuwa ni Platanthera chlorantha. Nitajuaje ni ipi?
Msomaji, Uingereza

JIBU: Ndugu msomaji, usiamue kwa kimo wala kwa majani, kwa sababu zote mbili huwa na majani mawili mapana karibu na ardhi, na bifolia iliyonawiri huweza kuipita kwa urefu chlorantha iliyodhoofika. Rangi nayo haitoshi, ingawa maua ya chlorantha huelekea zaidi kwenye kijani.

Litazame ua kwa mbele, pale penye tundu la mrija mrefu wa mbochi, nawe utaona vitonge viwili vya chavua. Vikiwa sambamba na vimekaribiana, hiyo ni bifolia. Vikiwa vimeachana, tena vimetanuka zaidi kwa chini kama miguu ya mtu aliyejipanua, hiyo ni chlorantha. Ukilitazama kwa ubavu, mrija wa chlorantha mara nyingi hunenepa kuelekea nchani, ilhali wa bifolia huchongoka.

Tofauti hiyo ndogo ina kazi kubwa ya kustaajabisha. Zote mbili huchavushwa na nondo wa usiku, lakini vitonge vya bifolia humganda nondo kwenye mrija wake wa kunyonyea, ilhali vya chlorantha, kwa kuwa vimeachana kiasi cha kichwa chake kupita katikati, humganda machoni. Kwa hiyo chavua ya moja haifiki kwa urahisi mahali pa kupokelea chavua katika ua la nyingine, hata zinapoota pamoja. Charles Darwin alilieleza jambo hili mwaka 1862, wakati baadhi ya wataalamu wa mimea wakizihesabu kuwa spishi moja. Machotara wapo, na vitonge vyao huachana kwa kiasi cha wastani.

Kwa msitu wa ardhi ya chokaa, mimi ningeelekea chlorantha, ingawa bifolia nayo huota humo, mbali na kuota kwenye mbuga zenye udongo wa tindikali. Piga picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, bila kulichuma ua, maana bifolia imepungua sana nchini humo na imeorodheshwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini.