Barua kwa mwanangu: Nimeacha piko, sijaacha asumini

Mwanangu kipenzi,

Waaleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na shangazi yako, na tumecheka mpaka chai ikapoa. Umeiona picha ya harusi ya pale mtaani, nywele zangu nyeupe pee zimechungulia kwenye mtandio, kikuba cha asumini kifuani, hina mpaka kwenye viwiko, ukauliza kwa adabu zako zote: "Mama, uko sawa kweli? Nywele umeziacha zimekuwa nyeupe, lakini unajipamba kama mwari. Nikununulie krimu ya uso huku Muscat, kuna moja wanaisifu sana, inarudisha ujana?" Kisha ukamalizia kwa kuzungukazunguka: unajipambia nani? Nitayajibu yote, ila hilo la mwisho utalisubiri.

Alipofariki baba yako nilikaa eda miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka. Hakuna hina, hakuna wanja, hakuna manukato. Eda ikaisha, jamaa wakaja, tukasoma hitma, kila mtu akarudi kwake. Mie nikabaki na nguo zilezile. Sanduku la udi likakaa juu ya kabati na vumbi lake. Hakuna aliyenikataza kujipamba, sikuiona sababu tu. Nikioga najifuta natoka, hata mafuta sijipaki. Usiku silali, mchana nasinzia kitini. Napika kwa mazoea, chungu cha watu watano, halafu nampelekea jirani.

Aliyekuja kunitikisa ni somo yangu, yule aliyenifunda mie kabla ya harusi, sasa ana miaka themanini na ushei na ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Alikuja na jiwe lake la liwa ndani ya mkoba wa ukili. Hakuniuliza hali. Akakaa mkekani, akatia matone ya marashi juu ya jiwe, akachukua kijiti cha msandali akawa anasugua, polepole, mpaka ukatoka uji mzito wenye rangi ya maziwa. Akanipaka shingoni, nyuma ya masikio, mikono yote miwili, kidole kwa kidole. Akasema, "Ngozi imekauka hii, utapasuka." Basi. Nililia pale mkekani kuliko nilivyolia siku ya mazishi, naye akaendelea kusugua liwa yake kana kwamba haoni.

Usije ukawaambia wenzako kuwa mama kasema liwa inatibu msiba. Haitibu. Lakini fikiria, mwanangu: mume hayupo, watoto mko mbali, wajukuu nawaona kwenye simu. Ilikuwa imepita miezi mingi bila mkono wa mtu kunigusa zaidi ya kupeana salamu. Mwili unajua hilo hata kama mwenyewe unajifanya hujui.

Sasa kuhusu mwili wenyewe, na utanisamehe, mwalimu wa bayolojia akistaafu haachi kufundisha. Hedhi ya wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikipungua, si uzazi tu unaofungwa. Ngozi inapoteza kolajeni, ile protini inayoifanya iwe nene na ivutike. Kama asilimia 30 huondoka katika miaka 5 ya mwanzo. Mafuta ya ngozi yanapungua, nywele zinakuwa nyepesi, mifupa inapungua uzito, usingizi unakuwa wa kuokoteza. Na lile joto linalopanda kutoka kifuani mpaka utosini, shuka likalowa chepechepe, moyo ukaenda mbio bila ya sababu. Wewe ulikuwa kidato cha pili wakati huo, ukashangaa mbona nafungua madirisha usiku wa kipupwe. Mama zetu hayo hawakuyasema hata unyagoni, na huko yalisemwa mengi! Wewe nakwambia mapema, ili yakikufika usidhani umerogwa.

Nywele sasa. Zimekuwa nyeupe kwa sababu seli zinazotia rangi kwenye shina la unywele zimeacha kazi, basi, hakuna uchawi hapo. Kwa miaka mingi nilizitia piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Piko inasifiwa sana hapa Unguja, lakini hiyo ya unga mweusi wa kukoroga ina kemikali inaitwa PPD, na ukishaanza kudhurika nayo, kila ukirudia mwili unakasirika zaidi. Kwangu ilianza kwa kuwasha nyuma ya masikio. Rafiki yangu mmoja aliamka siku ya Idi macho hayafunguki, uso umevimba. Hina ni jambo jingine. Majani ya mhina yaliyotwangwa na kukorogwa kwa ndimu kwa wengi hayana ugomvi, ila juu ya nywele nyeupe yanatoa rangi ya machungwa, na mie sikutaka kichwa cha machungwa. Hina naipaka mikononi. Nywele zimebaki kama Mungu alivyozipenda, nazisuka, nazipaka mafuta ya nazi, nachomeka asumini.

Na hiyo krimu, mwanangu, hebu igeuze usome nyuma. Kama haikuandikwa vilivyomo, irudishe. Kama imeandikwa haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, irudishe. Ukikuta "calomel" au neno lolote linaloanza na "mercur", hiyo ni zebaki. Kuna alama nyingine ambayo watu hawaijui: wakikwambia uvue dhahabu na fedha kabla ya kupaka, jua zebaki imo, kwa sababu zebaki inagandamana na dhahabu. Mtu anavua bangili zake kwa uangalifu azitie kwenye kisanduku, halafu anachukua kitu kilichoogopwa na bangili anapaka usoni! Zebaki inapenya ngozi inakwenda kwenye figo. Dunia ilikubaliana kuibana mwaka 2013, kwenye Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa kwa kula samaki walioingia zebaki ya kiwandani. Hapa kwetu krimu hizo zimepigwa marufuku, na bado ukimuuliza muuzaji kwa sauti ya chini anaitoa mfukoni.

Mkorogo, yaani krimu hizo za kujichubua, nimeuona kwa macho yangu kwenye mwili wa mwenzangu. Ulianza vizuri, uso ukang'aa, watu wakamsifu. Vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, watoto wakaanza kumwita uso fanta miguu koka. Kisha yakaja madoa ya kijivu mashavuni, yale ya haidrokwinoni, ambayo kuyatoa ni kazi ngumu. Na ngozi ikawa nyembamba kama ya kitunguu, maana nyingi za krimu hizo zimechanganywa na dawa za steroidi. Alijikwaruza kidogo kwenye ukingo wa meza, kidonda kikakaa miezi. Sisi ambao ngozi yetu imeshapungua unene kwa umri, kuongeza steroidi juu yake ni kujitafutia.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani kila cha asili ni salama. Huo ni uzushi wa wauzaji wa mitishamba, nao wana maneno matamu kuliko wa krimu. Wanja wa jiwe, ule wa kizamani tunaousifu, mara nyingi una madini ya risasi. Nimeutupa, natumia kalamu ya kawaida yenye maelezo yake. Ndimu usoni ukatoka juani inaunguza, inaacha doa jeusi la wiki na wiki. Na singo niliyozoea usichanani, yenye mlangilangi, waridi, mrehani, mpompia na karafuu, karafuu nimeitoa. Tukiwa wari tulisuguliwa nayo mpaka tukapiga kelele na ngozi ilistahimili. Sasa inachoma. Nawaachia wenye miaka ishirini.

Yaliyobaki ni mepesi. Naoga maji ya uvuguvugu, sabuni kwapani na panapostahili tu, na mwili ukiwa bado mbichi najipaka mafuta ya nazi ninayopika mwenyewe: nazi mbili, tui zito, moto mdogo, nakaa hapohapo na kijiko mpaka mafuta yaelee na makapi yawe ya kahawia. Ukiondoka kwenda kupokea simu yameungua. Jua la saa nne mpaka saa kumi nalikimbia, na nikilazimika nina mwavuli. Nakula dagaa wazima na miba yao kwa ajili ya mifupa. Miwani nimebadilisha. Meno nimeng'oa moja.

Na natembea. Alfajiri baada ya swala tunatoka wanawake wa mtaa, wengi wa rika langu, mabuibui na raba, tunakwenda mpaka Mnazi Mmoja, tunazunguka kiwanja, tunarudi. Madaktari wanataka angalau dakika 150 kwa wiki, na sisi hatuhesabu, lakini kwa mazungumzo yaliyomo humo najua tunazidi. Huko ndiko nilikojua kuwa silali peke yangu. Yaani, kuwa si mie peke yangu nisiyelala! Mmoja alisema huamka saa tisa kila usiku tangu afiwe, mwingine akasema na mie, tukasimama njiani wote sita tukitazamana. Tangu siku hiyo tuna kikundi kwenye simu, na saa tisa za usiku ukifungua utakuta mtu yumo.

Yupo mwenzetu mmoja ambaye matembezi hayakumtosha. Aliacha kula, akaacha kuoga, akawa anasema bora angekwenda yeye. Wapo waliotaka kumpeleka kwa mganga. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, na amerudi, ingawa bado ana siku zake. Nakwambia hili kwa sababu uliniuliza kama niko sawa, na nataka ujue kuwa huzuni ya kufiwa na ugonjwa wa huzuni ni vitu viwili, nami naitazama nafsi yangu kwa jicho hilo. Mie nakula. Nalala kwa muda wa saa tano, wakati mwingine sita. Siku ya Ijumaa baada ya kutoka makaburini bado nakuwa mzito mpaka jioni, na sitafuti dawa ya hilo.

Umegusia pia watu watasema nini. Watasema, wamezaliwa kusema. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alitoka Fumba akiuza vyungu, walimcheka sura, walimcheka asili. Mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na kwa hesabu ya waandishi wengi alikuwa anakaribia miaka hamsini, umri ambao wewe na wenzako mnadhani mtu anaaga. Na Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa hapa Unguja, wewe mwenyewe ulimwona jukwaani ulipokuwa mdogo, ngoma imefungwa kiunoni, uso mikunjo mitupu. Mwaka 2005 wakampa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Ulaya, na mpaka alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyekuwa na uhakika wa umri wake. Hiyo mikunjo sijasikia hata siku moja aliulizwa ataifanyia nini. (Sigara zake usimfuate.)

Haya, lile la mwisho. Kuna bwana mmoja, mstaafu wa bandarini, mjane kama mie, ameleta posa kwa mjomba wako. Ni mtu mzima, anaswali, ana utani wake. Nimemwambia mjomba wako asinisukume, Ramadhani ipite kwanza, na sitatoa jibu kabla sijakaa na wewe na kaka yako. Kwa hiyo usianze kumpigia simu kila mtu usiku huu. Ila ujue asumini nilianza kuvaa kabla yake, shangazi yako shahidi. Jioni nikifukiza udi nguo zikapata moshi, nikavaa kanga safi nikakaa barazani na wenzangu kusuka ukili, najisikia nimo. Akija bwana atanikuta hivyo, asipokuja nitakuwa hivyohivyo, na nikikataa posa usidhani nimekata tamaa, na nikikubali usidhani nimemsahau baba yako.

Krimu irudishe dukani, uone kama watakurejeshea pesa. Kama mkono unakuwasha kunitumia kitu, nitafutie ubani wa Dhofar, ule hojari wenye rangi ya kijani kwa mbali, siyo wa kahawia wanaowauzia wageni. Huku unafika umechanganywa na takataka. Nusu kilo inatosha, robo ni ya somo yangu. Mpe dada wa jirani yako anayekuja mwezi ujao, na umwambie autie kwenye mzigo wa mkononi, maana safari iliyopita sanduku lake lilichelewa.

Wabusu watoto. Mkubwa mwambie bibi amesema nywele zake asizichome moto.

Mama yako