Kundi la kusoma: msiharakishe kuchagua kiongozi

Nilipokuwa Kidato cha Nne, Wete, tulikuwa vijana sita tukikutana barazani kila siku baada ya sala ya Isha. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba 2010. Sisi tulikuwa kabla ya hapo, na usiku mwingi tulisomea kandili. Siku ya kwanza tu tukampa uongozi mwenzetu aliyekuwa akishika nambari moja darasani. Alieleza hesabu mbio mbio, sisi tunaitikia "ehee", na asubuhi skuli hakuna aliyeweza kuifanya tena peke yake.

Aliyetuokoa hatukumtazamia. Kijana wa Gando, aliyekuwa akikaa mjini kwa shangazi yake, alikuwa na tabia ya kumzuia msemaji kwa upole: "Ngoja kidogo. Huyu kauliza kitu, hatujamjibu." Kisha humgeukia aliyekwama, akamtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe amefika wapi. Alama zake hazikuwa kubwa kuliko zetu. Lakini baada ya wiki tatu, kila nikiwa na swali najikuta namtazama yeye. Wenzangu vivyo hivyo. Hatukupiga kura.

Miaka mingi baadaye nikasoma utafiti wa Beijing uliochapishwa 2015. Vijana walijadiliana watatu watatu bila ya kupewa kiongozi, vichwani wamevaa kofia zinazotumia mwanga kupima damu yenye oksijeni kwenye ubongo. Aliyejitokeza kuwa kiongozi, ubongo wake ulikwenda sambamba na wa wafuasi wake kuliko wafuasi wao kwa wao, hasa upande wa kushoto, juu na nyuma ya sikio, sehemu inayotusaidia kufahamu mwenzetu anawaza nini. Na kilichohusiana na hilo ni ubora wa maneno yake, si wingi wa kusema. Ulikuwa mjadala, si hesabu, wala kwenda sambamba peke yake hakuthibitishi kwamba ndiko kunakomfanya mtu kiongozi. Hata hivyo nilipousoma nilimuona yule kijana wa Gando.

Kwa hiyo nyinyi mnaojiandaa na mitihani, Unguja na Pemba, nakuombeni: wiki mbili tatu za mwanzo msimpe mtu cheo. Kaeni duara, simu mbali. Utafiti mwengine, wa New York, uliochapishwa 2017, uliwapima wanafunzi 12 wa sekondari katika vipindi 11. Waliotazamana uso kwa uso kwa muda wa dakika 2 kabla ya somo, mawimbi ya bongo zao yalilingana zaidi somo likiendelea. Basi zile salamu zetu ndefu za barazani, za kuulizana hadi habari za nyumbani, msizikate kwa pupa ya kufungua vitabu.

Halafu mtazameni nani analichukua neno la mwenziwe akaliendeleza, na nani anamkumbuka aliyenyamaza. Huyo mwachieni kazi ya kuuliza. Hodari wa hesabu apewe chaki, nayo ni kazi kubwa pia. Sisi tulikuwa na ubao wa mlango mkuukuu tulioutegemeza ukutani, hodari wetu akiandika, na kijana wa Gando amekaa ukingoni mwa baraza, akituzungukia mmoja mmoja: "Wewe umefika wapi?"