Bosi Amenunua Skana? Anzeni na Masjala

Juzi mdogo wangu mmoja anayefanya kazi kwenye taasisi hapa Dar aliniandikia: "Dada, bosi katuletea skana kubwa, anataka mwaka huu usiishe kukiwa na karatasi ofisini. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake lilinitonesha kidonda, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Nimewahi kuwa karani wa masjala, yaani ofisi inayotunza majalada, kwenye taasisi moja maeneo ya Mikocheni ambayo sitaitaja. Uongozi uliamua kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali. Wakaletwa vijana wa mafunzo kwa vitendo, wakakabidhiwa majalada, wakaskani asubuhi hadi jioni. Kila ukurasa uliingia kwenye kompyuta kwa jina ililotoa mashine yenyewe: Scan0001, Scan0002, hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna namba ya jalada, hakuna folio (namba ya ukurasa ndani ya jalada), hakuna tarehe. Kikaoni nikauliza mtu ataupataje mkataba wa pango wa 2009 katika rundo lile. Nikajibiwa kwamba watu wa masjala tunaogopa kompyuta kwa sababu zitatunyang'anya ugali. Watu wakacheka. Kicheko kile bado ninakisikia.

Kisha likaja dokezo: karatasi zote zilizoskaniwa ziteketezwe, nami nisaini orodha. Nilikataa kuteketeza mikataba, hati za ardhi na majalada ya watumishi. Niliitwa mkaidi, lakini nikayafungia kwenye makasha chumba cha nyuma. Mengine yote yalichomwa.

Kazi yote ile ilikuwa kwenye eksteno moja tu, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta. Siku ilipogoma kusoma, fundi wa Kariakoo aliokoa sehemu ya mafaili, na hata hayo hayakuwa na majina ya maana. Haikupita muda, mtumishi wa zamani akadai stahiki zake kisheria, na mkataba wake halisi ukapatikana wapi? Kwenye makasha yangu. Pongezi walipewa wanasheria. Sikuambiwa hata asante, na nakiri kwamba nilikaribia kuiacha taaluma hii kabisa.

Sikuiacha. Leo ninasimamia kumbukumbu mahali pengine, na mkaguzi akiomba waraka anaupata kabla hajamaliza chai yake. Nalisema hili kwa fahari, maana najua lilivyonigharimu.

Basi ndugu zangu, sikilizeni. Kuskani ni kupiga picha. Utunzaji wa nyaraka ni kujua kila waraka ni wa jalada gani, unatunzwa kwa miaka mingapi na nani ana ruhusa ya kuufungua. Mambo hayo hupangwa kabla skana haijachomekwa kwenye umeme. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, ili mafaili yajipange yenyewe, kisha aina ya waraka, kisha namba ya jalada. Narudia: jina la faili! Ofisi nyingi zinazoniita kuwasaidia zimekwamia hapo hapo.

Hifadhini kwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunzia nyaraka kwa muda mrefu, ambayo imekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2005. Fonti zake zimo ndani ya faili lenyewe, hivyo waraka haumtegemei mtu awe na kompyuta kama yako ili ausome ulivyokuwa. Kwa karatasi za kawaida, skani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo lenu. Anayelijua bonde la Jangwani hapa Dar linavyofurika wakati wa mvua hahitaji kuelezwa kwa nini.

Msiidharau sheria pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini mahakama itaangalia zilivyotengenezwa na zilivyotunzwa kabla ya kuzipa uzito. Rundo la Scan0001 utalitetea vipi mbele ya hakimu? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki mkae na taarifa za watu kupita muda zinapohitajika, kwa hiyo kutunza kila kitu milele nako ni kosa. Ninyi mlio kwenye ofisi za umma, msiguse kiberiti kabla hamjaisoma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 na kuzungumza na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kwa mabosi nina neno moja: bajeti isiishie kwenye bei ya skana. Wekeni mshahara wa mtu aliyesomea masjala, mketi naye mezani kabla hamjaamua. Wekeni na fedha za kubadilisha diski kabla hazijaanza kugoma. Kisha andikeni kwenye dokezo ni nani atafungua nakala hizo kila robo mwaka kuzijaribu, na mumtaje kwa cheo chake, si kwa jina, maana watu huhama ofisi.