Filamu za mwisho za Ozu zitazame kwa jozi

Msomaji mmoja ameandika kwamba aliifungua Sanma no aji (1962), filamu ya mwisho ya mwongozaji wa Kijapani Yasujirō Ozu, akaiacha katikati. Watu wamekaa, wanakunywa, wanazungumza habari ya binti wa kuozwa, basi. Malalamiko haya yanasikika kila mara, na nadhani chanzo chake ni kimoja: ameanzia mwisho. Kati ya 1958 na 1962 Ozu alitengeneza filamu sita za rangi, na kadhaa kati ya hizo zinasimulia upya kisa alichokwisha kukisimulia miaka mingi nyuma. Ukiitazama ya mwisho peke yake, umeona nusu. Tanguliza ile ya zamani, kisha chunguza alichobadilisha.

Jozi ya kuanzia iwe nyepesi: Umarete wa mita keredo (1932), ambayo ni filamu bubu, halafu Ohayō (1959) yenye dakika 94. Katika ile ya 1932, ndugu wawili wanagundua kuwa baba yao hujifanya kichekesho mbele ya bosi wake, wanagoma kula. Katika ile ya 1959, ndugu wawili wanataka runinga, wanaamriwa wafunge midomo, nao wanaifunga kweli, hata shuleni. Wasipowasalimia majirani, jirani mmoja anaamini mama yao ana kinyongo naye, na mtaa mzima unaanza kunong'ona. Wengi huiona Ohayō kuwa mzaha wa watoto tu. Sikiliza vizuri yale maneno ambayo watoto wanayadharau, "habari za asubuhi, leo hali ya hewa nzuri", kisha uone mwishoni vijana wawili wanaopendana, wamesimama kituo cha treni, hawana neno lingine la kuambiana zaidi ya hali ya hewa.

Jozi ya pili ni Ukigusa monogatari (1934) na Ukigusa (1959). Hii ya pili ilipigwa na mpiga picha Kazuo Miyagawa katika studio ya Daiei, si Shōchiku alikozoea Ozu, na rangi zake zina uzito wa pekee. Simamisha picha ya kwanza kabisa: mnara wa taa mweupe kwa mbali, chupa karibu na kamera, vimo vyao vinakaribiana. Hakuna anayekueleza kitu, lakini tayari jicho limefundishwa kupima vitu. Halafu subiri ugomvi wa kiongozi wa kundi la waigizaji na mwanamke wake. Mmoja yuko chini ya paa upande huu wa barabara, mwingine upande ule, na mvua inamwagika katikati. Wanatukanana kwa muda mrefu, na hakuna anayevuka. Ugomvi huo wa mvuani ulikuwepo tangu 1934, kwa hiyo ni vyema uzitazame zote mbili wiki moja, kumbukumbu isipoe.

Sasa jozi yenyewe hasa. Katika Banshun (1949), Chishū Ryū ni baba mjane, Setsuko Hara ni binti asiyetaka kumwacha. Baba anadanganya kuwa naye ataoa tena, ili binti akubali posa. Miaka 11 baadaye, katika Akibiyori (1960), mjane ni mama, na anayemwigiza ni Hara yuleyule. Anayefanyiwa hila safari hii si binti peke yake. Marafiki watatu wa marehemu mumewe wanajifanya washenga, wanavuruga mambo mpaka binti anamkasirikia mama yake kwa ndoa ambayo mama hakuiomba. Asiyeijua Banshun huona wazee watatu wachekeshaji. Anayeijua hawezi kuuangalia uso wa Hara bila kumwona yule binti wa 1949, na tabasamu lake la mwisho chumbani linabeba filamu mbili kwa pamoja.

Hapo ndipo Sanma no aji inapofunguka. Ryū ni baba tena. Mwaka 1949 alikuwa bado katika miaka ya arobaini akijifanya mzee. Sasa umri umemfikia. Kinachomsukuma kumwoza binti yake Michiko ni kumwona mwalimu wake wa zamani, mlevi anayeuza tambi, akihudumiwa na binti aliyebaki nyumbani mpaka ujana ukaisha. Michiko alikuwa na kijana moyoni, lakini familia ilichelewa kuuliza, na kijana ameshachumbiwa. Bwana harusi anayepatikana hatumwoni hata mara moja, na harusi yenyewe inarukwa. Tunamwona Michiko amevalishwa, halafu chumba kitupu. Ukianza kujiuliza "mbona wameruka?", hapo ndipo pa kukaza macho. Jioni hiyo baba anaingia baa na suti rasmi, mwenye baa anauliza kama ametoka mazikoni, naye anajibu kuwa ni kitu cha namna hiyo.

Mambo ya kioo cha runinga nayo yana madhara kuliko watu wanavyodhani. Picha za Ozu ni karibu mraba, uwiano wa upana kwa kimo ni 1.37 kwa 1, na runinga za leo ni 1.78 kwa 1. Lazima mistari miusi ibaki kushoto na kulia. Ukibonyeza rimoti ili picha ijaze kioo, ama sura zinatanuka, ama unakata karibu asilimia 23 ya picha, na inayokatwa ni juu na chini. Kamera ya Ozu imewekwa chini karibu na mkeka, hivyo sehemu ya chini ndiyo yenye birika jekundu la Higanbana (1958), chupa na mito ya kukalia. Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo, na uondoe rangi za kukoleza. Ozu alichagua mkanda wa kupigia picha wa kampuni ya Agfa kwa sababu ya wekundu wake. Runinga ikiukoleza tena, birika linapiga kelele na vingine vyote vinapotea.

Majina yatakuchanganya, kwa hiyo shika nyuso. Hirayama ni baba katika Higanbana na pia katika Sanma no aji, lakini ni watu wawili, wameigizwa na waigizaji wawili. Hara anaitwa Akiko katika Akibiyori na tena katika Kohayagawa-ke no aki (1961), mjane mwingine kabisa. Hiyo ya 1961 haina jozi ya wazi kama hizi nyingine. Itazame baada ya Akibiyori, kabla ya kuirudia Sanma no aji.